SOMO: KIONGOZI WA ZIMAMOTO HUANDALIWA KABLA YA MOTO

Kiangazi kimeingia. Majani yamekauka, upepo wa mchana umeanza, na nyumba zetu zimebanana kama tunavyojua wote. Kila bloku imeombwa kuchagua upya watu wa kikosi chake cha zimamoto cha kujitolea. Kabla hamjachagua, tafadhali someni somo hili, na ikiwezekana mwasomee majirani wasiojua kusoma.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Mwaka jana niliandikwa kiongozi wa kikosi cha bloku yetu kwa sababu nilisoma sekondari na najua kuandika ripoti. Nilihudhuria semina ya siku mbili, nikapewa fulana na filimbi. Basi. Usiku mmoja kibatari kilianguka ndani ya nyumba, na upepo ulikuwa mkali. Semina ilikuwa imenifundisha kwamba nyumba ikishashika yote, haifai kumwagia ndoo moja moja. Kwanza watu watolewe, kisha ibomolewe nyumba iliyo mbele upande unaoelekea upepo, na shitingi na nyasi zake ziondolewe, ili moto ukose chakula.

Watu walipokwisha kutoka, nilipiga filimbi, nikaonyesha nyumba ya tatu, nikapaza sauti: “Bomoeni ile!” Hakuna aliyesogea. Vijana wa kikosi waliendelea kumwaga maji pale palipokwisha kuungua. Mwenye nyumba niliyoionyesha alisimama mlangoni akaniuliza, “Wewe mtoto wa nani hata uje kubomoa nyumba yangu?” Sikuwa na jibu. Nyumba tano ziliteketea, na yake ikiwemo. Kisha akafika mzee mmoja, fundi wa kuezeka, ambaye amezisaidia familia nyingi za hapa kujenga. Akasema maneno yale yale niliyoyasema mimi. Mara nyumba ya sita ikawa chini, na moto ukasimama hapo.

Tunamshukuru Mungu kwamba hakuna aliyekufa. Lakini mama mmoja alipoteza kadi ya posho, mablanketi na nguo zote za watoto wake.

Amri yangu na amri ya mzee ilikuwa moja. Kwa nini yake ilisikilizwa na yangu haikusikilizwa? Swali hilo ndilo somo letu.

JAMBO HILI LIMETOKEA HATA KWA WATAALAMU

Msidhani kwamba hayo hutokea kwa sababu sisi ni wakimbizi na hatuna magari ya zimamoto. Tarehe 5 Agosti 1949, huko Marekani katika jimbo la Montana, wazima moto 15 walirushwa kwa ndege na kushuka kwa miamvuli katika bonde liitwalo Mann Gulch, ili kuzima moto wa msitu. Askari mmoja wa misitu aliyekuwa huko aliungana nao, wakawa 16. Kiongozi wao aliitwa Wagner Dodge. Alikuwa mtu mwenye uzoefu, lakini hakuwa msemaji sana. Tena kundi lile halikuwa limezoea kufanya kazi pamoja chini yake. Na redio yao ilivunjika, kwa kuwa mwavuli wake haukufunguka.

Jioni ile upepo uliusukuma moto hadi ukavuka bonde na kuanza kupanda mlima nyuma yao. Moto unaopanda mlima katika majani makavu humshinda mtu mbio. Dodge aliwaamuru watupe vifaa vizito. Kisha akafanya jambo ambalo hawakuwahi kufundishwa: aliwasha kiberiti akachoma majani yaliyokuwa mbele yake. Nia yake ilikuwa hivi: mahali palipokwisha kuungua hapawezi kuungua tena. Majani yalipoteketea akaingia kwenye majivu, akawaita wenzake walale pamoja naye.

Hakuna aliyemfuata. Kwa macho yao, kiongozi alikuwa anaongeza moto juu ya moto. Wakaendelea kukimbia. Watu 13 walikufa. Vijana wawili waliokoka kwa kupenya katika ufa wa miamba juu ya kilima. Dodge mwenyewe aliinuka mzima katika majivu yake.

Ndugu msomaji, fikiri juu ya jambo hili. Kiongozi alikuwa na akili, na njia yake ya kuokoa watu ilikuwepo. Kilichokosekana ni watu kumwelewa na kumwamini. Moto ukiwa nyuma yako hakuna nafasi ya kueleza wala ya kuanza kujuana.

Wamarekani walijifunza kutokana na msiba huo na mingine iliyoufanana. Mwaka 1957 waliweka kanuni kumi za kuzima moto wa msitu, na mojawapo inamtaka kiongozi atoe maagizo yaliyo wazi na ahakikishe kwamba yameeleweka. Kutoa agizo ni nusu ya kazi, na kuhakikisha limeeleweka ni nusu ya pili. Mimi usiku ule sikufika hata kwenye hiyo nusu ya pili.

WAKIMBIZI WENZETU WAMEWEZA

Huko Mauritania kuna kambi iitwayo Mbera, iliyofunguliwa mwaka 2012 kwa ajili ya wakimbizi wa Mali. Ni nchi kavu, na moto wa nyika huteketeza malisho ya mifugo ya wakimbizi na ya wenyeji. Wakimbizi wa Mbera waliunda kikosi cha kujitolea. Huenda kwenye moto kwa makundi na kuupiga kwa matawi ya miti. Kufikia mwaka 2022 walikuwa wamezima moto zaidi ya mara 100, tena wamepanda maelfu ya miti. Mwaka huo walipewa Tuzo ya Nansen ya UNHCR kwa upande wa Afrika.

Tawi la mti halina nguvu kuliko ndoo zetu. Mtu mmoja mwenye tawi hawezi kitu mbele ya moto wa nyika, lakini watu wengi wanaojua kila mmoja asimame wapi wanaweza.

TUFANYE NINI KATIKA BLOKU ZETU?

1. Tuchague mtu anayejulikana. Tusichague kwa sababu ya cheti, kabila, au kwa sababu ya fulana itakayotolewa. Tujiulize: usiku wa manane mtu huyu akisema “toka”, je, mama mwenye watoto atatoka? Awe mwanamume au mwanamke, si kitu. Nyumbani moto mwingi huanzia jikoni, na mara nyingi wanawake ndio wa kwanza kuuona.

2. Kiongozi afanye mazoezi pamoja na kikosi. Kiongozi anayesimama pembeni na daftari wakati wengine wanabeba ndoo, siku ya moto atabaki na daftari lake. Angalau mara mbili kwa mwezi kikosi kipange mstari kutoka bombani, kipitishe ndoo zilizojaa upande mmoja na tupu upande wa pili. Wabadilishane nafasi, ili asipokuwepo mmoja kazi isikwame.

3. Tuwaeleze wakaaji mapema. Jirani hawezi kukubali nyumba yake ibomolewe ikiwa analisikia jambo hilo mara ya kwanza usiku. Mkutano wa bloku ukubaliane kabla: kwa nini nyumba hubomolewa, nani anaamua, na bloku itamsaidiaje mwenye nyumba kujenga tena. Hiyo ahadi ya kujenga tena msiisahau. Bila hiyo hakuna atakayekubali, na atakuwa na haki.

4. Kila mkubwa awe na mdogo wake wa kazi. Mwenye ujuzi apewe kijana mmoja wa kutembea naye. Si kumhutubia, bali kumwuliza: “Moto ukitokea pale, na upepo ukitoka huku, ungeanza wapi?” Kijana ajibu kwanza, kisha mkubwa asahihishe. Baada ya muda, kijana aongoze zoezi na mkubwa asimame nyuma yake. Mtu akinyamaza na ujuzi wake mpaka ahame au arudi kwao, bloku itaanza upya na makosa yale yale.

5. Kabla ya kuukaribia moto tuhakikishe mambo manne. Mzima moto wa Kimarekani aitwaye Paul Gleason aliyaweka pamoja mwaka 1991, nayo yanafaa hata kwetu:
– Mlinzi: mtu mmoja asizime, kazi yake ni kuangalia moto na upepo.
– Mawasiliano: ishara moja inayojulikana na wote, kwa mfano filimbi tatu ni kurudi nyuma.
– Njia ya kutokea: ijulikane, tena isiwe na kamba wala kuni.
– Mahali pa salama: uwanja ulio wazi ambapo watu watakusanyika na kuhesabiwa.
Likikosekana moja, kikosi kisisogee. Kiongozi mwenye haya ya kusema “turudi” ni hatari kuliko moto wenyewe.

6. Baada ya moto tukae tuzungumze. Siku inayofuata kikosi kikae chini kwa maswali manne: Tulipanga nini? Kilitokea nini? Kwa nini kilikuwa tofauti? Mara nyingine tufanye nini? Kiongozi aanze kwa kutaja kosa lake. Akianza kwa kulaumu, wengine wataficha makosa yao, na kosa lililofichwa litarudi.

TUSISAHAU: Maisha ya watu kwanza, vitu baadaye. Mafuta yanayowaka, iwe ya taa au ya kukaangia, hayamwagiwi maji kwa sababu yatatapakaa. Tumia mchanga mkavu. Mtu ambaye nguo zake zinawaka asikimbie. Alale chini na kubingirika. Aliyeungua apoozwe kwa maji safi ya baridi kwa dakika 20, asipakwe dawa ya meno wala mafuta, kisha apelekwe zahanati.

MWISHO

Mnaweza kuniuliza: na wewe umefanya nini? Nilirudisha filimbi. Katika mkutano wa bloku niliomba yule mzee fundi awe kiongozi, na mimi niwe msaidizi wake. Yeye hajui kuandika, kwa hiyo ripoti naandika mimi. Lakini kila Jumamosi jioni tunatembea pamoja kati ya nyumba, naye ananionyesha mti upi wa kukata kwanza ili paa liangukie ndani lisiangukie jirani. Semina haikunifundisha hilo. Wiki mbili zilizopita aliniachia niongoze zoezi peke yangu. Yule mwenye nyumba aliyenikatalia alikuwa wa tatu katika mstari wa ndoo. Nilipotoa agizo, alilirudia kwa sauti ili walio nyuma wasikie.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ni huu wa kutojuana. Tuuzibe sasa, maadamu hakuna moshi.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA BLOKU

1. Je, unamjua kiongozi wa zimamoto wa bloku yako? Amewahi kufika kwako?
2. Moto ukitokea usiku wa leo, ishara ni ipi na tutakusanyika wapi?
3. Ni nani katika bloku yako mwenye ujuzi ambaye bado hajapewa kijana wa kumfundisha?
4. Nyumba ikibomolewa ili kuokoa nyingine, tumekubaliana kumsaidiaje mwenye nyumba hiyo?

Majibu yenu myalete kwa mhamasishaji wa bloku yenu kabla ya siku ya uchaguzi.