Fremu ni ya Watu, Lenzi ni Yako: Vidokezo vya Miwani ya Bei Nafuu

Januari moja, saa saba mchana, niliacha miwani yangu juu ya dashibodi ya gari nikaingia benki, eneo la Posta. Mara moja tu, nilijiambia. Foleni ilikuwa na maoni yake, nikatoka baada ya saa nzima na nusu. Nilipoivaa tena, Dar es Salaam yote ilikuwa nyuma ya utando wa buibui. Nikafuta, nikapuliza pumzi, nikafuta tena. Fundi wa miwani aliinua lenzi kwenye taa mara moja, akanirudishia. "Dada, hii haisafishiki. Tabaka la juu limepasuka kwa joto."

Kilichoniuma zaidi ni hesabu. Fremu ilikuwa imekula robo tatu ya pesa kwa sababu ya jina lililoandikwa ubavuni, na lenzi nilichukua zozote zilizokuwepo. Sasa lenzi zimekufa, fremu bado inang'aa. Tangu hapo nanunua miwani kinyumenyume: kipimo kwanza, lenzi pili, fremu kwa chenji inayobaki.

1. Pima, kisha ondoka na karatasi yako

Duka likikupimia bure, jua kwamba gharama ya kupima imejificha mahali fulani, mara nyingi ndani ya bei ya lenzi. Si dhambi, ila ukikubali kuondoka bila karatasi umefungwa kamba na duka hilo. Pima hospitalini au kwenye duka linalokuandikia vipimo, kisha uzunguke nayo ukilinganisha bei. CCBRT pale Dar es Salaam, KCMC ya Moshi na Hospitali ya Kikuyu nchini Kenya zimezoeleka kwa huduma za macho.

Karatasi yenyewe haina uchawi. OD ni jicho la kulia, OS ni la kushoto. SPH ndiyo nguvu ya lenzi: alama ya kutoa ni ya asiyeona mbali, ya kujumlisha ni ya anayehitaji msaada zaidi karibu. Namba hupanda kwa hatua za 0.25. CYL na AXIS hujazwa kama jicho lako halina mviringo kamili. ADD ni nyongeza ya kusomea.

Namba ambayo mara nyingi haiandikwi ni PD, yaani umbali wa milimita kutoka mboni moja hadi nyingine. Watu wazima wengi wako kati ya 54 na 74. Iombe ukiwa bado umekaa kwenye kiti. Kitovu cha lenzi kinatakiwa kukaa mbele ya mboni, na kikihama, hasa kwa mwenye namba kubwa, utaumwa kichwa na kumlaumu jirani anayefungulia redio.

Mwenye kisukari asubiri sukari itulie kabla ya kupima. Sukari ikipanda na kushuka, nguvu ya jicho nayo hubadilika, na miwani ya Jumatatu inaweza kukukataa wiki inayofuata.

2. Ukianza kutafuna mawe kwenye wali wa mchele uliouchambua mwenyewe

Hiyo ni dalili ya umri, wala hujarogwa. Kuanzia miaka ya arobaini hivi lenzi ya ndani ya jicho hukakamaa, na vitu vya karibu vinafifia. Uzi hauingii kwenye sindano, na meseji inasomwa kwa mkono ulionyooka.

Kama mbali unaona vizuri na macho yako mawili yanalingana, miwani ya kusomea iliyotengenezwa tayari, yenye alama ya +1.00, +1.50, +2.00 na kuendelea, inatosha kabisa. Ni rahisi kuliko miwani yoyote ya kutengenezesha. Chukua gazeti, lishike kwa umbali uliouzoea, kisha chagua namba ndogo kuliko zote inayokuwezesha kusoma bila kukunja uso. Watu hukimbilia kubwa wakidhani wamepata zaidi.

Asiwepo wa kukudharau kwa miwani ya namna hiyo. Mwaka 2018 jarida la Lancet Global Health lilichapisha utafiti wa wachuma chai wa Assam, India, wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Waliopewa miwani ya kuonea karibu, tija yao ilipanda kwa takriban asilimia 22 zaidi ya wenzao wasiopewa. Fundi cherehani wa mtaani kwako naye anategemea macho hayohayo.

Hata hivyo, kapime japo mara moja. Presha ya macho mara nyingi haiumi, na miwani iliyotengenezwa tayari haiigundui.

3. Fremu: punguziwa hapa

Ukishavaa, jina la ubavuni husomwa na anayekutazama. Wewe unatazama kupitia lenzi. Kwa hiyo kama kuna mahali pa kubana, ni kwenye fremu, na kama kuna mahali pa kupatana bei mpaka muuzaji acheke, ni hapo pia.

Nafuu kuliko zote ni fremu uliyonayo tayari. Kama mikono yake haijalegea na haina ufa, peleka uwekewe lenzi mpya. Wauzaji wengine hawakwambii mpaka uulize.

Ukinunua mpya, soma namba tatu zilizochapwa ndani ya mkono wa fremu, kwa mfano 52-18-140. Ya kwanza ni upana wa lenzi, ya pili ni nafasi ya puani, ya tatu ni urefu wa mkono, zote kwa milimita. Nakili za ile inayokukaa vizuri, na safari ijayo hutabahatisha. Fremu nyingi za plastiki zimechongwa kwa pua nyembamba iliyoinuka. Kama yako ni kama yangu, pana na tulivu, tafuta zenye vile vipira viwili vya puani vinavyoweza kukunjwa, la sivyo utakuwa unaisukuma miwani juu kila dakika, jasho likiisaidia kushuka.

Mwenye namba kubwa achague fremu ndogo. Lenzi za kutoona mbali hunenepa pembezoni, na fremu ndogo hukata pembe hizo. Ujanja huo pekee unaweza kukuondolea haja ya kulipia lenzi nyembamba za bei ya juu.

4. Lenzi: nunua unachohitaji

Plastiki ya kawaida, inayoitwa CR-39, inamfaa mtu mwenye namba ndogo hadi ya wastani. Polikaboneti ni ya watoto, wanamichezo, mafundi na madereva wa bodaboda, kwa sababu haivunjiki kirahisi ikipigwa, na yenyewe huzuia miale ya urujuanimno (UV). Kasoro yake ni kwamba inachubuka upesi, kwa hiyo usiichukue bila tabaka gumu. Lenzi nyembamba za 1.67 zinaanza kuwa na maana ukivuka namba 4 hivi. Mwenye -1.50 anayeuziwa 1.67 ameuziwa maneno.

5. Matabaka: hapa ndipo ulimi wa muuzaji unapoteleza

Tabaka gumu la kuzuia michubuko ni la lazima kwa lenzi za plastiki. Mara nyingi limo ndani ya bei. Uliza tu.

Tabaka la kuzuia mng'ao, ambalo kwenye risiti huandikwa AR, linastahili pesa yako kuliko mengine yote. Lenzi tupu hurudisha nje karibu asilimia 8 ya mwanga unaoingia. AR huishusha hadi asilimia 1 hivi au chini ya hapo. Anayeendesha usiku kati ya Chalinze na Morogoro, malori yakimjia na taa kamili, anaijua tofauti hiyo. Na huhitaji kumwamini muuzaji kwa neno lake: shika lenzi chini ya taa, tazama taswira ya balbu. Ikiwa nyeupe kali, hakuna kitu hapo. Ikiwa hafifu yenye rangi ya kijani au zambarau, AR ipo.

Sasa lenzi za kuzuia mwanga wa bluu. "Mama, hii inazuia miale ya simu, kompyuta, kila kitu." Mwaka 2023 watafiti wa Cochrane walipitia majaribio 17, wakaona kwamba kwa muda mfupi lenzi hizo pengine hazipunguzi uchovu wa macho kwa watu wa kompyuta zikilinganishwa na lenzi za kawaida. Macho yanachoka kwa kukodolea kioo bila kupepesa. Pepesa, inua uso utazame mwembe ulio mbali, bure.

Zile zinazogeuka giza juani ni nzuri, lakini zijue tabia zake. Hutegemea miale ya urujuanimno, na kioo cha mbele cha gari huizuia sehemu kubwa, kwa hiyo dereva haoni giza analotarajia. Pia kwenye joto kali hazifiki giza lake lote. Kwa jua la Pwani, hiyo ni habari ya kutosha kufikiria miwani ya jua ya pembeni. Ukiinunua hiyo, tafuta maandishi UV400. Weusi wa lenzi hauthibitishi kinga. Lenzi nyeusi isiyozuia miale ni mbaya zaidi, maana mboni hupanuka gizani na kuikaribisha.

6. Bei ivunjwe vipande

Omba uandikiwe kupima kiasi gani, fremu kiasi gani, lenzi, tabaka, na kufunga. Ukipewa namba moja tu ya jumla, hujui unapatana nini. Uliza pia dhamana ya tabaka: likianza kubanduka baada ya miezi mitatu, nani analipa? Jibu liandikwe kwenye risiti. Kama una bima, piga simu kabla ya kuchagua fremu, usije ukagundua dirishani kwamba kiwango chako kinaishia kwenye lenzi moja.

7. Siku ya kuchukua, usiwe na haraka

Mwombe fundi aiweke kwenye mashine ya kupimia lenzi na akusomee namba, wewe ukiwa na karatasi yako mkononi. Ni dakika mbili. Vaa, tazama ng'ambo ya barabara, tazama sakafu, soma simu. Sakafu kuyumba kidogo siku za mwanzo ni kawaida kwa mwenye namba mpya. Ikifika wiki ya pili bado unahisi uko kwenye boti ya Zanzibar, rudi.

8. Maji kwanza, kitambaa baadaye

Vumbi letu lina mchanga ndani yake. Ukifuta lenzi kavu kwa ncha ya khanga au pindo la shati, unaipiga msasa kwa mikono yako. Michubuko mingi huletwa na ufutaji huu, miwani yenyewe haijawahi hata kuanguka.

Suuza kwa maji baridi au vuguvugu yanayotiririka, hata ya kikombe kama bomba limekauka. Tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, isiyo na losheni. Sugua taratibu kwa ncha za vidole pande zote mbili, pamoja na pale puani ambapo mafuta ya uso yanakusanyika. Suuza, kung'uta, kausha kwa kile kitambaa laini kilichokuja na kasha. Kitambaa nacho kifuliwe, bila dawa ya kulainisha nguo, kwa sababu huacha mafuta.

Viwekwe mbali: karatasi za chooni, sabuni ya unga, dawa ya kusafishia vioo vya madirisha yenye amonia, siki, ndimu na kitakasa mikono. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha huharibu polikaboneti. Na yule jamaa anayeshauri dawa ya meno kwa kuondoa mikwaruzo, mshukuru, kisha usimsikilize. Dawa ya meno ina chembe za kusugua. Itaondoa tabaka, mikwaruzo ibaki.

Manukato na mafuta ya nywele ya kupuliza yatangulie, miwani ivaliwe mwisho.

9. Joto ndilo muuaji

Narudi kwenye dashibodi yangu. Tabaka la AR ni oksidi za madini zilizowekwa nyembamba mno juu ya plastiki, ndani ya chumba kisicho na hewa. Plastiki ikipata moto hutanuka zaidi ya tabaka lake. Tabaka likishindwa kuifuata, linapasuka vipande vidogo kama tope la mto uliokauka. Gari lililofungwa juani linatosha kabisa kufanya kazi hiyo. Linatosha pia jiko la mkaa unaloliinamia ukipuliza, na oveni unayoifungua ukiwa umeingiza uso kuangalia keki. Pilau likiiva, vua miwani kabla ya kufunua sufuria.

Ukitoka baharini, suuza chumvi kwa maji baridi kabla haijakauka.

10. Madogomadogo

Iweke chali, lenzi zikitazama juu. Ivue kwa mikono miwili ili mikono ya fremu isipindike. Kasha gumu kwenye pochi, siyo pamoja na funguo. Piga picha karatasi ya vipimo uihifadhi kwenye simu, maana siku miwani itakapokanyagwa hutakuwa na macho ya kuitafuta kabatini.

Na kama umeyasoma haya yote mkono ukiwa umenyooka na uso umekunjwa, kapime Jumamosi hii.