Moshi katika Matundu ya Dashibodi: Somo kwa Wahudumu wa Afya na Abiria wa Pikapu za Zamani

Katika maeneo mengi ya vijijini, gari linalomfikisha mgonjwa hospitalini si gari la wagonjwa, bali ni pikapu iliyotumika miaka mingi. Moshi unapotokea kwenye matundu ya hewa ya dashibodi, dereva huuona kuwa ni ubovu wa gari tu na huendelea na safari hadi kwa fundi. Kwa tabibu, moshi huo ni sumu inayovutwa na watu walio katika chumba chembamba. Somo hili linaeleza namna ya kutambua chanzo chake, hatua za mwanzo, na huduma apasayo kupewa aliyeuvuta.

Kutambua chanzo

Feni ya dashibodi huvuta hewa ya nje kupitia uwazi ulio chini ya kioo cha mbele, karibu na injini, kisha huisukuma ndani. Kwa hiyo chochote kinachoungua au kuvuja katika njia hiyo huwafikia abiria. Zingatia harufu, rangi na wakati moshi unapoanza.

1. Ukungu wa baridi usio na harufu, kiyoyozi kikiwa kimewashwa siku ya unyevunyevu, ni matone ya maji tu. Hauna madhara.

2. Mvuke mweupe wenye harufu tamu hutokana na maji ya rejeta yenye dawa ya kupoozea injini, yanapovuja kwenye hita. Kioo hupata utando wa utelezi, zulia la upande wa abiria hulowa, na maji ya rejeta hupungua. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto.

3. Moshi wenye harufu kali ya plastiki, hasa unaoanza feni inapowashwa, huashiria hitilafu ya umeme. Mota ya feni iliyochakaa hukwama na kuvuta umeme mwingi. Rezista inayopunguza mwendo wa feni huungua majani, vumbi au kiota cha panya kinapozuia hewa ya kuipooza. Feni inayofanya kazi kwenye mwendo wa juu peke yake ni dalili kwamba rezista imeharibika. Hatari huzidi pale fyuzi ilipobadilishwa kwa waya au kwa fyuzi yenye ampea kubwa kuliko inayotakiwa, kwani nyaya huungua kabla ya umeme kukatika.

4. Harufu ya oili iliyoungua au ya moshi wa injini humaanisha kwamba oili inadondokea sehemu za moto, au kwamba bomba la moshi limetoboka karibu na injini. Hapa ndipo kaboni monoksaidi inapoingia. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Moshi unaoonekana ni tahadhari tu, na ukitoweka haina maana kwamba gesi nayo imetoweka.

Hatua za mwanzo

Zima feni, fungua madirisha, simamisha gari pembeni ya barabara na uzime injini. Washushe wote na kuwapeleka mbali, upande ambao upepo haupeleki moshi. Ikiwa kuna mtungi wa oksijeni, fungeni valvu na muushushe iwapo ni salama kufanya hivyo, kwa kuwa oksijeni huchochea moto. Pasipo miali, tenganisha waya hasi wa betri. Ukiona miali chini ya boneti, usiifungue wazi, kwani hewa itauongezea moto nguvu. Na usimwage maji kwenye moto wa mafuta au wa umeme.

Kumhudumia aliyevuta moshi

Kaboni monoksaidi hushikamana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 hivi au zaidi. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu na kuchanganyikiwa. Ni rahisi kuzidhania kuwa ni malaria au uchovu wa safari. Swali moja husaidia sana: je, waliosafiri naye wanaumwa vivyo hivyo, na je, hujisikia nafuu wakishuka garini?

Mhudumu asidanganywe na kipimo cha oksijeni cha kidoleni. Kifaa cha kawaida hakitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksaidi, hivyo kinaweza kuonyesha asilimia 98 kwa mgonjwa aliye hatarini. Mpe oksijeni kwa barakoa yenye mfuko wa akiba, lita 10 hadi 15 kwa dakika, bila kujali namba hiyo. Katika hewa ya kawaida, nusu ya sumu hutoka katika damu kwa saa 4 hadi 6. Kwa oksijeni ya kiwango cha juu, kwa dakika 60 hadi 90. Mjamzito, aliyezimia, mwenye maumivu ya kifua, sauti iliyokauka au masizi puani apewe rufaa mapema. Kusahau au kubadilika kwa tabia kunaweza kujitokeza siku au wiki kadhaa baadaye. Ndugu waelezwe hilo.

Wanaokaa nyuma

Hatari haiishii mbele. Mwaka 1992 madaktari wa Seattle, Marekani, walieleza habari za watoto 20 waliopata sumu ya gesi hii wakiwa nyuma ya pikapu, 17 chini ya paa gumu lililofungwa na 3 chini ya turubai. Watoto 15 walizimia, na mmoja alifariki. Magari yote yalikuwa na bomba la moshi linalovuja au linalotokea nyuma. Mgonjwa aliyelazwa nyuma na kufunikwa turubai ili asipigwe na vumbi yumo katika hatari hiyohiyo.

Kinga

Fundi akague bomba la moshi, mipira ya hita, nyaya na fyuzi kabla gari halijabeba wagonjwa. Dawa ya kupoozea injini isihifadhiwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji, kwani utamu wake huwavutia watoto na kuinywa huua figo. Na gari lililowahi kutoa moshi dashibodini lisimbebe mgonjwa mpaka chanzo kijulikane na kirekebishwe.