Kamera ya Kwanza ya Michezo ya Kasi: Anza na Mahali Utakaposimama

Kijana wa Kawangware, Riruta au Waithaka anayetaka kurekodi michezo ya kasi hana haja ya kupanda matatu ya mbali. Jamhuri Park, kando ya Ngong Road, ina njia ya motokrosi ambapo pikipiki huruka vilima vya udongo. Kangemi kuna uwanja wa skeiti wa Shangilia, uliojengwa mwaka 2013 kwa msaada wa shirika la Kijerumani la skate-aid. Raga iko uwanja wa RFUEA, na wavulana wa viatu vya magurudumu utawakuta popote lami ilipo laini. Shida huanzia dukani, ambako swali la kwanza ni "Una bajeti ya ngapi?", na mteja hutoka na bodi kubwa ya kamera iliyofungwa lenzi isiyofika popote. Fuata mpango ulio kinyume: mahali pa kusimama kwanza, lenzi ya pili, bodi ya mwisho.

Hatua ya 1: Pima umbali

Nenda uwanjani bila kamera. Tafuta mahali salama unaporuhusiwa kusimama, kisha kadiria mita kutoka hapo hadi kitendo kinapotokea. Bodi nyingi anazoweza kumudu anayeanza zina sensa ya APS-C, na kwa hizo hesabu ni nyepesi: zidisha umbali kwa 23, halafu gawanya kwa milimita zilizoandikwa kwenye lenzi. Jibu ni upana wa kile kitakachoingia kwenye fremu.

Tuseme kilima cha kuruka kiko mita 30 kutoka kwenye uzio. Kwa lenzi ya milimita 55, fremu ina upana wa mita 12 na nusu, na pikipiki ya mita mbili itaonekana ndogo katikati ya vumbi. Kwa milimita 250, upana unashuka hadi karibu mita 2.8: pikipiki inajaa fremu, lakini mkono ukichelewa kidogo tu, imeshatoka. Milimita 135 inakupa mita tano, nafasi ya kumfuata mwendeshaji bila kumkata kichwa. Anayeanza afanyie mazoezi hapo, aongeze milimita mkono ukizoea.

Skeiti ni kinyume kabisa. Pale unasimama mita moja na nusu kutoka kwa mchezaji, wakati mwingine unateleza naye, na lenzi ya milimita 10 inakupa zaidi ya mita tatu za upana. Ndiyo maana video nyingi za skeiti zilizopendwa miaka ya tisini zilirekodiwa kwa Sony VX1000, kamera ya mwaka 1995, ikiwa na lenzi ya jicho la samaki na imeshikwa chini karibu na magurudumu.

Hatua ya 2: Chagua lenzi moja, si mbili

Kwa motokrosi na raga ya mchana, tafuta lenzi ya kuvuta ya kuanzia milimita 55 hadi 210 au 250. Ya Canon ya 55-250 ina matoleo kadhaa. Chukua lile lenye herufi STM, kwa sababu mota yake ni kimya. Lile la zamani hulia likitafuta fokasi, na kelele hiyo inaingia kwenye sauti yako. Kwa skeiti, 10-18 ya Canon inatosha. Lenzi ya 18-55 inayokuja na bodi usiidharau: kwa viatu vya magurudumu barabarani inafanya kazi vizuri, na kama pesa zimeisha, anza nayo ukijua mipaka yake.

Watu watakuambia bila 70-200 ya f/2.8 huwezi kitu. Ni lenzi nzuri kweli, ila ina uzito wa kilo moja na nusu hivi na bei yake hupita ya bodi. Faida yake kubwa ni mwanga hafifu, na jua la saa saba mchana Jamhuri si mwanga hafifu. Mwenye kurekodi mechi za usiku chini ya taa ndiye aifikirie.

Hatua ya 3: Sasa bodi

Uliza mambo matatu: je, fokasi yake inafuata kitu kinachokimbia wakati wa video, si picha tu? Je, inarekodi full HD kwa fremu 50 kwa sekunde au zaidi? Je, ina tundu la maikrofoni?

Swali la kwanza ndilo linaloangusha kamera nyingi za mtumba. Kwa Canon, fokasi nzuri ya video ilianza na 70D ya mwaka 2013, lakini hiyo inaishia fremu 30 kwenye full HD. 80D ya mwaka 2016 inafika 60. M50 ya mwaka 2018 ni nyepesi na inapatikana kwa urahisi, ila ukiiweka kwenye 4K inakata picha sana na kuipoteza ile fokasi nzuri, kwa hiyo ibaki full HD. Sony a6400 na ZV-E10 hufika fremu 100 na fokasi yake inang'ang'ania mtu vizuri. Hazina kitulizo cha mtikisiko ndani ya bodi, hivyo lenzi yake iwe na alama ya OSS.

Kwa nini fremu ni muhimu hivi? Pikipiki ya kilomita 60 kwa saa inasogea karibu mita 17 kila sekunde. Ukirekodi kwa fremu 100 na kuionyesha kwa 25, mruko wa sekunde moja unadumu sekunde nne, na mtazamaji anaona hata tope likichomoka kwenye tairi. Kwa mchezo wa kasi, full HD ya fremu 100 inaishinda 4K ya fremu 25. Hilo sina shaka nalo.

GoPro iwe ya kufunga kwenye helmeti. Usiifanye kamera yako ya kwanza: ukiwa mita 30, kila kitu ni kidogo.

Hatua ya 4: Dukani

Mtumba si aibu. Mpiga picha wa habari Mohamed Amin, mzaliwa wa Eastleigh, alianza utotoni na Box Brownie ya mtumba. Ukienda maduka ya Luthuli Avenue au Moi Avenue, nenda asubuhi, na memori kadi yako mfukoni.

Washa kamera, simama mlangoni, urekodi bodaboda zikija upande wako. Tazama video hapohapo: fokasi ilishika kofia ya dereva, au ilikimbilia mabango nyuma yake? Mulika tochi ya simu ndani ya lenzi. Nyuzi zinazofanana na utando ni kuvu, na lenzi hiyo iache. Weka f/16 upige picha ya ukuta mweupe. Madoa meusi yatakuonyesha uchafu wa sensa. Angalia menyu, maana Sony za soko la Japani huwa na Kijapani peke yake. Mwisho, namba ya bodi iandikwe kwenye risiti kabla hujatuma M-Pesa. Muuzaji akikataa, ondoka, hata bei iwe tamu namna gani.

Hatua ya 5: Vitu vidogo vinavyosahaulika

Acha pesa ya betri ya pili, memori kadi yenye alama ya V30, na kichujio cha kupunguza mwanga. Kwenye jua kali, ISO 100 na shata 1/100 zinakudai f/16. Kichujio cha ND16 kinakurudisha f/4. Video ya 100 Mbps inakula takriban GB 45 kwa saa. Nunua pia mfuko wa plastiki wa kufunika kamera, na usibadilishe lenzi uwanjani. Vumbi jekundu la huku halina huruma.

Hatua ya 6: Mpangilio wa siku ya kwanza

Weka kamera kwenye PAL, upate fremu 25, 50 na, kwa kamera inayofika huko, 100. Umeme wetu ni wa hezi 50. Ukirekodi chini ya taa kwa fremu 60, picha inaweza kupepesa. Usiku shata iwe 1/50 au 1/100. Mchana, ukitaka kila tone la tope lionekane kali, panda hadi 1/500.

Shangilia ni makao ya watoto kabla ya kuwa uwanja wa skeiti: omba ruhusa kwa walezi kabla ya kutoa kamera kwenye begi. Jamhuri, muulize msimamizi wa njia wapi usimame, na kamwe usisimame upande wa nje wa kona, kwa sababu huko ndiko pikipiki iliyoteleza huishia.