Aliyeumia Ubongo Bado ni Wetu
Mwongozo kwa kaya na majirani

Mgonjwa aliyeumia ubongo akiruhusiwa kutoka hospitali, kidonda kikiwa kimefunga na mwenyewe anatembea, wengi huamini amepona. Kumbe sehemu ndefu ya kupona ndiyo kwanza inaanza, na haifanyiki wodini. Inafanyika uani, barazani, shambani, kwenye nyumba ya ibada na kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Kijitabu hiki kinaeleza namna kaya na majirani wanavyoweza kumsaidia mwenzao arudi katika maisha ya watu.

Nini hubadilika

Ubongo huumia kwa ajali za pikipiki na magari, kuanguka kutoka juu ya mti au jengo, kupigwa kichwani, na pia kwa kiharusi. Athari hutegemea mahali palipoumia. Upande wa kushoto wa ubongo huongoza upande wa kulia wa mwili, na kwa watu wengi ndio wenye kazi kubwa katika lugha. Kwa hiyo aliyeumia huko anaweza kudhoofika mkono na mguu wa kulia na kukosa maneno, hata kama akili inaelewa.

Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, hutusaidia kupanga mambo na kuzuia hasira. Ikiumia, aliyekuwa mpole anaweza kufoka kwa jambo dogo, na mchapakazi akakaa tu mpaka aambiwe la kufanya. Wengi husahau mambo ya leo huku wakikumbuka ya zamani. Wengi pia huchoka upesi, na kelele huwasumbua.

Huu si uvivu, si kiburi, wala si kurogwa. Ni jeraha lisiloonekana kwa macho. Nafuu huja haraka zaidi miezi ya mwanzo, lakini mtu anaweza kuendelea kupata nafuu kwa miaka.

Nyumbani: mpeni kazi, msimfanyie kila kitu

Ubongo hujifunza upya kwa kurudia. Mkimlisha, mkimvisha na kumjibia salamu za wageni, mnamnyima mazoezi anayoyahitaji.

Chukueni mfano wa kupika chai. Kwake hiyo si kazi moja, ni kazi nyingi: kupima maji, kuwasha jiko, kutia majani, kutia sukari, kuepua. Ziandikeni au zichoreni hatua hizo kwa mfuatano, mbandike karatasi ukutani karibu na jiko. Siku za mwanzo mtu asimame pembeni yake kwa sababu ya moto. Akikwama, msimnyang'anye sufuria. Mwonyesheni hatua inayofuata kwenye karatasi, kisha msubiri.

Fanyeni hivyo pia kwa kuchambua mchele, kukunja nguo, kumwagilia mboga au kulisha kuku. Kazi iwe ile ile, saa ile ile, na apumzike kabla hajachoka kabisa. Dawa, simu na kitambulisho viwe na mahali pake pa kudumu.

Akipandwa na hasira, msibishane naye. Punguzeni kelele, mpeni nafasi, mzungumze akishatulia.

Barazani: majirani wana kazi

Wiki za kwanza nyumba hujaa watu. Baada ya miezi michache hubaki kimya, na upweke humuumiza mgonjwa zaidi. Gawaneni zamu: huyu aje Jumanne, yule Ijumaa. Ziara fupi ya mara kwa mara ni bora kuliko kundi kubwa la siku moja.

Zimeni redio mnapozungumza naye. Azungumze mtu mmoja kwa wakati mmoja, kwa sentensi fupi. Akitafuta neno, mpeni muda. Msimseme mbele yake kana kwamba hayupo.

Michezo yetu ni tiba nzuri. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Kuzigawa kete moja moja kunazoeza vidole, kuhesabu kunazoeza kumbukumbu, na kungoja zamu kunazoeza subira. Kama mkono umedhoofika, autumie huo huo kila unapoweza, hata akichelewa. Kwaya, kaswida, karata na matembezi ya jioni na rafiki navyo vinafaa.

Vijana wa kijiweni, mkaribisheni mwenzenu, lakini msimpe pombe, kwani huchelewesha nafuu na huongeza hatari ya kifafa. Wala msimpe pikipiki mpaka daktari aridhie.

Kifafa kikitokea

Baadhi ya walioumia ubongo hupata kifafa baadaye. Hakiambukizi, hata kwa povu la mdomoni. Ondoeni vitu vya hatari, wekeni kitu laini chini ya kichwa, mlazeni ubavu. Msimtie kijiko wala kidole mdomoni, na msimfunge. Kikizidi dakika 5, au kikijirudia kabla hajapata fahamu, mkimbizeni hospitali. Dawa za kifafa zisiachwe bila ushauri wa daktari.

Anayemtunza naye atunzwe

Mara nyingi ni mama, mke au binti, anayelala kidogo na kuacha biashara yake. Jirani akikaa na mgonjwa mchana mmoja kila wiki, mtunzaji atakwenda sokoni, kwenye kikundi chake au atalala. Akisema amechoka, msimlaumu.

Kikundi na haki zenu

Familia mbili tatu zenye hali moja zinatosha kuanzisha kikundi. Kutaneni kila mwezi mahali tulivu, asubuhi kabla uchovu haujaingia, na kila aliyeumia apewe jukumu: kukaribisha, kutunza muda au kugawa maji.

Nchini Tanzania, anayeishi na ulemavu analindwa na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Mwoneni Afisa Ustawi wa Jamii kuhusu usajili, mikopo na mahali pa kupata mazoezi ya viungo.

Msisubiri: nendeni hospitali mkiona

- maumivu ya kichwa yanayozidi au kutapika mara kwa mara
- usingizi mzito, haamki kwa urahisi
- kuchanganyikiwa kunakozidi
- udhaifu mpya, mdomo kwenda upande au maneno kupotea ghafla
- kifafa kwa mara ya kwanza
- majimaji au damu puani au masikioni baada ya ajali
- kusema anataka kufa. Huyu asiachwe peke yake hata kidogo