Kulipwa kwa Siku Hakufuti Haki ya Uzeeni

Mfagiaji wa soko la kaunti nchini Kenya, aliyemo kwenye orodha ya vibarua kwa miaka 6, akiuliza habari za uzeeni hujibiwa kwamba anayelipwa kwa siku au kwa saa hana kiinua mgongo. Jibu hilo halina msingi. Kwa Sheria ya Ajira ya 2007, ambayo inaibana hata serikali yenyewe, kibarua ni mtu anayelipwa jioni na ambaye hakuchukuliwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Akifanya kazi mfululizo kwa muda unaofikia mwezi, kifungu cha 37 humhesabu kuwa mwajiriwa wa mwezi. Siku ya mapumziko baada ya siku 6 za kazi, na sikukuu iliyoangukia humo, zinaingia katika hesabu hiyo, kwa hiyo msimamizi hawezi kusema Jumapili ilikata mfululizo.

Mwajiriwa huyo anastahili kuchangiwa katika mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, NSSF: yeye asilimia 6 ya mshahara, mwajiri asilimia 6. Kwa anayepata shilingi 18,000 kwa mwezi, hiyo ni shilingi 2,160, na kwa miaka 10 ni shilingi 259,200 kabla ya faida yoyote. Ikiwa hakuandikishwa katika mfuko wowote wa uzeeni, kifungu cha 35 kinampa malipo ya utumishi kwa kila mwaka aliofanya kazi, na mahakama kwa kawaida hukadiria siku 15 kwa mwaka. Mwanachama wa NSSF hadai malipo haya.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba kazi ya umma hutangazwa na kushindaniwa, na kumpa kibarua haki hizi ni kumpitisha mlango wa nyuma. Hoja hiyo ina uzito, lakini inahusu kitu kingine. Kifungu cha 37 hakimpi cheo cha kudumu wala nafasi katika mpango wa pensheni wa watumishi wa umma ulioanza Januari 2021. Mchango wa NSSF hautokani na usaili; unatokana na jasho lililokwisha kutoka. Na akiambiwa alikubali mwenyewe masharti ya kibarua, ajue kwamba sheria imeweka kiwango cha chini, na makubaliano ya kushuka chini yake ni batili.

Ugumu mkubwa ni ushahidi, maana orodha ya mahudhurio hukaa kwa msimamizi. Hata hivyo, kutunza kumbukumbu ni wajibu wa mwajiri, na akishindwa kuleta mahakamani mkataba wa maandishi aliopaswa kuwa nao, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi humwangukia yeye. Hifadhi jumbe za malipo za M-Pesa, na uliza NSSF mapema kama michango yako inafika. Usingoje mno kudai: mlango wa mahakama hufungwa miaka 3 tangu haki ilipovunjwa.