Majani Makavu ya Viungo na Kopo la Chumvi

Makande yakiiva bila kiungo chochote, mkono huenda moja kwa moja kwenye kopo la chumvi. Hapo ndipo rozimeri, zaatari na mrehani, majani ambayo nchi za Mediterania huyakausha na kuyachanganya, yanapoweza kuifaa kaya ya Gitting, mkoani Manyara. Sifa ya majani haya ya kuwa na madini tele ni ya kweli, ila inapotosha. Gramu 100 za zaatari kavu zina zaidi ya miligramu 100 za chuma, lakini nani anakula gramu 100? Kijiko cha chai hakifiki gramu 2, nacho hugawanywa kwa watu wote wa chungu kimoja. Tena chuma cha mimea hufyonzwa mwilini kwa shida. Mama mjamzito asiache vidonge vya kuongeza damu vya kliniki kwa kutegemea viungo, wala mnafu na majani ya maboga, yanayoliwa kwa bakuli, yasiondoke mezani.

Faida kubwa ya majani haya makavu ni kupunguza chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyofichwa kwenye pakiti za viungo vya mchuzi. Chumvi ikizidi hupandisha presha, na presha mara nyingi haina dalili. Ipunguze kidogo kidogo huku harufu ya majani na vitunguu swaumu, ambavyo Mbulu inavilima kwa wingi, ikishika nafasi yake. Baada ya wiki chache ulimi huzoea.

Wapo watakaouliza: tukipunguza chumvi, si tutapata tezi la shingo? Hoja hiyo ni nzito, hasa milimani. Jibu ni kununua chumvi yenye madini joto, kuifunika vizuri na kuitia chakula kikikaribia kuiva. Hata kidogo hutosha. Kuhusu gharama, rozimeri hustahimili ukame na huota kwa kipande cha tawi. Ianike kivulini penye upepo, maana jua kali huondoa harufu na vitamini, na isifungwe koponi kabla haijakauka hadi kuvunjika, isije ikaota ukungu. Majani haya magumu yatiwe mapema, maharage yakiwa bado yanachemka. Kabla ya kutia, sugua jani kati ya vidole: likinukia, bado lina kazi, likinuka kama nyasi kavu, kausha mengine.