Maji ya «alkali»: chupa inauza kile ambacho ziwa letu liko nacho tayari



Swali hili limeturudia zaidi ya mara moja: je, maji ya chupa yanayoitwa «alkali», ambayo wauzaji wanasema yanaponya tumbo, damu na uchovu, yanafaa tuyanunue? Wauzaji wengine wanaleta hata mashine ya kuyatengeneza, na wanataka kikundi kitoe franka za akiba. Kabla ya kufungua kisanduku, tujifunze kemia kidogo. Sehemu yake kubwa mnaifanya nyumbani kila juma.

Asidi na alkali ni nini?

Limao ni chachu kwa sababu ya asidi. Muhogo ukilowekwa siku tatu, maji yake yanachacha: vijidudu vimetengeneza asidi. Upande wa pili kuna alkali: maji ya majivu, na ile soda kali ambayo mama zetu wanachanganya na mawese kwa kutengeneza sabuni.

Kipimo chake kinaitwa pH (wengi tunatamka «pe-ash»), tangu 0 hadi 14. Namba 7 ni katikati. Chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni alkali. Kila hatua ni mara kumi: kitu chenye pH 3 kina nguvu ya asidi mara kumi kupita chenye pH 4. Juisi ya limao iko karibu na 2, maji ya muhogo uliochacha karibu na 4, soda ya sabuni 13 au 14.

Maji ya chupa ya alkali mara nyingi yako kati ya 8 na 9,5. Sasa, maji ya Ziwa Tanganyika hapa Baraka? Yanazunguka 9! Mto Ruzizi unaleta maji ya Ziwa Kivu yenye madini mengi. Mto unaotoa maji ziwani ni mmoja tu, Lukuga, kule Kalemie. Maji mengi yanapanda hewani kwa jua, na madini yanabaki, kama chumvi inavyobaki ndani ya sufuria iliyochemka muda mrefu. Kwa hiyo mtu wa Baraka anayechota ziwani anakunywa alkali tangu utoto wake, bila kulipa hata franka moja.

Kama alkali ingekuwa dawa, watu wa kando ya ziwa wasingekuwa wanaugua tumbo. Lakini tunajua sote: kipindupindu kinarudi kila mara tangu Uvira, kupitia Baraka, hadi Kalemie. Tuangalie basi mambo matatu yanayosemwa.

1. «Yanaondoa asidi mbaya ya tumbo»

Asidi ya tumbo si mbaya. pH yake ni kati ya 1,5 na 3, na ndiyo mlinzi wa mlango: inaua mikrobu nyingi tunazomeza. Ukinywa maji ya alkali, tumbo linatoa asidi nyingine na kurudi pale pale. Na ni bahati. Mtu ambaye tumbo lake lina asidi kidogo anashikwa na kipindupindu kwa urahisi zaidi. Anayetaka kuondoa asidi yote anamfukuza askari wake mwenyewe.

2. «Yanabadilisha damu»

Damu ya mtu mzima wa afya iko kati ya 7,35 na 7,45, usiku na mchana, hata akila limao kumi. Mapafu yanatoa hewa chafu yenye asidi, figo zinatoa iliyobaki kwa njia ya mkojo. Maji ya alkali yanaweza kubadilisha pH ya mkojo, damu inabaki ilivyo.

3. «Maji ya alkali ni safi»

Hapa ndipo hatari kubwa iko. pH haisemi kitu juu ya mikrobu. Zaidi ya hayo, mikrobu ya kipindupindu inapenda alkali! Katika laboratware, wakitaka kuiotesha ili waitambue, wanaiweka ndani ya maji yenye chakula chake na pH karibu na 8,6. Hiyo ni karibu sawa na ziwa letu.

Tufanye nini basi?

Pesa ya chupa au mashine, tuiweke kwenye kinachoua mikrobu.

Kuchemsha: acha maji yatokote kabisa dakika 1. Kwa ndugu zetu wa Hauts Plateaux, pale urefu unapita metre 2 000, maji yanachemka kwenye joto la chini zaidi. Ninyi acheni dakika 3.

Klore: kama maji yana matope, chuja kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti kwa bidoni ya litri 20. Na hapa pH ina kazi ya kweli: ndani ya maji ya alkali, klore inaua polepole zaidi. Kwenye pH 7,5 nusu ya klore iko katika sura yake yenye nguvu, lakini kwenye pH 9 ni sehemu ndogo sana tu. Kwa hiyo dakika 30 ni kiasi cha chini. Kwa maji ya ziwa tunashauri mungoje saa nzima kabla ya kunywa.

Kutunza: bidoni yenye shingo nyembamba na kifuniko. Usiingize kikombe wala mkono.

Mtu akianza kuharisha maji maji, usimtafutie chupa ya alkali. Mpe SRO na umpeleke kituo cha afya haraka. Kama pakiti ya SRO haiko, chukua litri 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mnyweshe kidogo kidogo mkiwa njiani.

Wazee wanasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Maji yaliyochemshwa hayana mtu wa kuyatangaza sokoni, lakini ndiyo yanayomfanya mwanachama aamke asubuhi na kwenda shambani.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

- Bidoni zetu za maji zinafunikwa namna gani nyumbani na shambani?
- Nani kati yetu anaweka klore na kunywa palepale? Tutapangaje ili maji yangojewe saa nzima?
- Akiba ya kikundi ingeweza kununua klore ya miezi mingapi kwa bei ya mashine moja?